Nani Asimamishaye Mnyororo?

Mwezi wa Aprili 2020, maradhi ya korona yalipokwisha kuingia katika kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Smithfield mjini Sioux Falls, katika jimbo la South Dakota, Marekani, serikali ya nchi ile ilituma wataalamu wake wa afya wakakitazame kiwanda na kuandika waliyoyaona. Na katika hati yao waliliweka jambo moja dogo ambalo msomaji wa Kimarekani yamkini alilipita mbio, lakini mimi lilinikamata nguo: kwamba watu wa kiwanda kile husema lugha zipatazo 40, na katika zile 10 zinazosemwa na wengi zaidi, pamoja na Kiingereza, Kihispania, Kikunama, Kinepali na Kitigrinya, kimo Kiswahili.

Msomaji asidhani kwamba kilichonishtua ni mnyama mwenyewe, ijapokuwa sikatai kuwa bibi yangu, lau angalikuwa hai, angalinitaka nisukutue kinywa kwa kulitaja tu jina lake. Kilichonishtua ni safari ya lugha. Lugha iliyolelewa na pepo za kusi na kaskazi, iliyopokea maneno kutoka majahazini na kuyapamba katika tenzi, imefika katika nchi ya theluji isiyojua bahari, nayo husemwa huko kwa sauti ya juu, ili ishinde ngurumo za mitambo, baina ya watu wenye visu mikononi na mizoga inayopita mbele yao bila kukoma. Walioipeleka huko aghalabu ni wakimbizi wa Kongo na nchi zilizo kando yake, watu waliokwisha kupoteza nyumba zao mara moja au mara mbili, na kazi ya kwanza waipatayo ugenini ni ile ambayo wenyeji wameikimbia.

Kiwanda hicho kilikuwa na wafanyakazi wapatao 3,700, na kwa siku moja kikichinja nguruwe 19,500 au karibu na hapo. Maradhi yalipoanza kuenea, kampuni iliahidi bahashishi ya dola 500 kwa kila ambaye hangekosa kazini mwezi ule, ahadi ambayo mtu mwenye aila ya kulisha na kodi ya kulipa hahitaji kufasiriwa maana yake. Gavana na meya waliomba kiwanda kifungwe. Kikafungwa katikati ya Aprili. Na hesabu ya baadaye ya serikali ikaonyesha kuwa wafanyakazi wasiopungua 1,294 waliugua na 4 walifariki. Faini iliyotozwa kampuni kwa kutowalinda watu wake ilikuwa dola 13,494. Nimeigawa faini hiyo kwa wagonjwa waliohesabiwa, nikapata dola 10 na senti kidogo kwa kila mmoja. Kwa marehemu sikuwa na moyo wa kuendelea na hesabu.

Wengi waliuliza wakati ule kwa nini watu hao hawakutenganishwa, mmoja asimame hapa na mwenziwe hatua mbili mbele, kama ilivyofanywa katika mabenki na masoko. Jawabu ni fupi, nalo ndilo jambo ninalotaka kulikalia kitako leo. Hawakuweza kutenganishwa kwa sababu mahali pa mtu katika kiwanda cha nyama hapachaguliwi na mtu. Huchaguliwa na mnyororo. Mnyororo huo hupita juu, mizoga ikining'inia kwa miguu ya nyuma, nao huja na mwendo uliopangwa na wale wasioshika kisu. Kila mtu ana mkato wake mmoja: huyu hutenga bega, yule hufuata mbavu, wa tatu huchomoa figo, na mkato huo huurudia maelfu ya mara kabla ya kurudi nyumbani, hata asubuhi akiamka vidole havikunjuki mpaka avitie katika maji ya moto. Ukiwaweka watu mbalimbali, mikato hupungua. Mikato ikipungua, sharti mnyororo upunguzwe mwendo. Na mnyororo ukipungua mwendo, tijara hupungua. Siku ya tarehe 28 Aprili Rais wa Marekani alitia saini amri ya kuvifanya viwanda vya nyama kuwa vitu vya lazima kwa taifa, ili viendelee. Kamati ya Bunge lao iliyochunguza baadaye ilikuta kwamba katika kampuni tano kubwa peke yake, watu wasiopungua 59,000 waliambukizwa na 269 walikufa katika mwaka wa kwanza wa maradhi. Katika mji wa Waterloo, jimbo la Iowa, ambako pia kuna jamaa wengi wa Kikongo, wasimamizi saba wa kiwanda cha Tyson walifukuzwa kazi baada ya kubainika mambo ya kucheza kamari juu ya idadi ya wafanyakazi watakaougua. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili, nikaifuta, kisha nikairudisha, maana ni kweli.

Mnyororo huu si wa jana. Siku ya Krismasi ya mwaka 1865 ulifunguliwa mjini Chicago uwanja mkubwa wa mifugo, ukizungukwa na reli pande zote, na kando yake vikaota viwanda vilivyougeuza uchinjaji kutoka kazi ya fundi mmoja kuwa kazi ya watu mia, kila mmoja asiyejua ila kipande chake. Henry Ford mwenyewe alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1922 kwamba fikira ya kuunda magari kwa mstari unaotembea ilitokana kwa jumla na reli za juu walizotumia wachinjaji wa Chicago. Walimwengu husifu gari na kusahau ng'ombe; walakini mwalimu wa zama zetu za viwanda, ukimtafuta kwa insafu, alikuwa amening'inia kichwa chini.

Mwaka 1904 mwandishi kijana, Upton Sinclair, aliingia katika mtaa wa viwanda hivyo akakaa majuma saba, akatoka na hadithi ya mhamiaji wa Kilithuania aliyesagwa na kazi ya nyama mpaka akapoteza nyumba, mke na mwana. Muradi wake ulikuwa kuwalilia wafanyakazi. Kitabu kilipotoka mwaka 1906, wasomaji waliruka kurasa za machozi wakasimama kwenye zile za panya na nyama iliyooza, na tarehe 30 Juni mwaka ule ule Rais Theodore Roosevelt akatia saini sheria ya ukaguzi wa nyama. Sheria ilikuwa njema. Mimi sidharau muhuri wa mkaguzi. Lakini mwandishi alibaki akinung'unika kwamba alilenga moyo wa watu akawapiga tumboni, na ile taksiri ya mwaka 1906 ingali nasi: tumezoea kudhani kwamba usafi wa nyama ni jambo moja, haki ya mfanyakazi ni jambo la pili, na huruma kwa mnyama ni jambo la tatu la watu wenye wakati wa kupoteza, ilhali mambo yote matatu yametundikwa kwenye chuma kimoja.

Tuanze na tumbo, kwa kuwa tumbo ndilo lisikilizwalo. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani ziliweka mpaka wa nguruwe 1,106 kwa saa, maana yake mzoga mmoja kila sekunde tatu na kitu. Kwa mwendo huo wakaguzi watazame tezi, watazame ini, watazame ngozi, waone jipu, waone kinyesi. Mtu aliyepata kumpasua mbuzi mmoja kwa utulivu, akijua jinsi kisu kinavyotaka kuteleza kikagusa utumbo, ataelewa kwa nini nasema kwamba mwendo huo ni kumtaka mkaguzi awe na macho ya malaika. Utumbo ukipasuka, kilichomo ndani hugusa nyama. Na baadhi ya vijidudu vya utumboni, hasa ile aina ya E. coli iitwayo O157:H7, humkaa ng'ombe bila kumdhuru ila humwangamiza mtoto figo. Mwaka 1993 watu zaidi ya 700 waliugua katika majimbo ya magharibi ya Marekani baada ya kula hambaga za Jack in the Box zisizoiva sawasawa, na watoto wanne wakafa. Hapo ndipo umma ulipojua kwamba hambaga moja ya nyama ya kusaga yaweza kuwa na nyama ya ng'ombe wengi, waliotoka mashamba mbalimbali, hata ng'ombe mmoja mchafu akawa amekaa mezani kwa watu wa miji ambayo hakuiona. Bucha wa mtaani akikosea, huugua mtaa. Mashine ikikosea, huugua nchi.

Afrika nayo imekwisha kulionja hilo. Baina ya mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipatwa na mlipuko wa listeria uliozidi milipuko yote ya ugonjwa huo iliyopata kuandikwa duniani: wagonjwa zaidi ya 1,000 waliothibitishwa, na waliokufa zaidi ya 200, miongoni mwao vichanga wengi, maana kijidudu hicho humfuata mtoto tumboni mwa mamaye. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba chanzo kimepatikana katika kiwanda kimoja cha nyama zilizosindikwa mjini Polokwane, na chakula kilichotajwa zaidi kilikuwa poloni, ile soseji nene ya bei nafuu ambayo maskini huikata vipande na kuitia katika mkate wa mtoto aendaye shule. Nchi kadhaa za jirani zikazuia bidhaa hizo mipakani. Naomba msomaji aangalie nani aliyekuwa akila poloni.

Sasa mfanyakazi, ambaye nimekwisha kumtaja, lakini yako mawili yasiyofaa kuachwa. Mwaka 2016 shirika la Oxfam lilitoa ripoti juu ya viwanda vya kuku vya Marekani, na humo wafanyakazi walisimulia kwamba hunyimwa ruhusa ya kwenda haja hata wengine wakajivika nepi, watu wazima, wazazi wa watu, kwa sababu kuku hawangoji. Na mwezi wa Desemba 2015, mjini Fort Morgan, Colorado, Waislamu zaidi ya mia moja, wengi wao Wasomali, waliachishwa kazi katika kiwanda cha ng'ombe cha Cargill baada ya ugomvi juu ya kutoka kuswali. Kampuni ilikana kuwa iliizuia sala, lakini mwaka 2018 ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza shauri. Sala ya adhuhuri haipiti dakika kumi hata kwa imamu mwenye kupenda sura ndefu. Mtambo ambao hauwezi kumwachia mtu dakika kumi kwa Mola wake, wala dakika tano kwa kibofu chake, siwezi kuuamini kwamba utamwachia mkaguzi dakika moja kwa jipu. Usiku nao, mnyororo ukilala, huja wa kuuosha: mwaka 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani iliitoza faini ya dola milioni 1.5 kampuni moja ya usafishaji iliyokutwa na watoto 102, wa miaka 13 hadi 17, wakisafisha kwa madawa makali misumeno ya mifupa katika viwanda vya majimbo manane.

Na mnyama. Babu yangu, aliyekuwa akichinja kwa ajili ya majirani siku za Idi, alinifunza mambo mawili kabla ya kuniruhusu kushika hata mkia: kisu hunolewa mbali, mnyama asikione; na mnyama hachinjwi mbele ya mwenziwe. Sikuyaona kuwa makubwa wakati ule. Niliyaona kuwa taratibu za wazee, kama kuvua viatu mlangoni. Baadaye nilifahamu kwamba adabu zile mbili hazina gharama nyingine ila muda, na kwamba muda ndio kitu pekee ambacho kiwanda hakina cha kutoa. Kuku wa kiwandani aghalabu hutundikwa kwa miguu akiwa hai, hupitishwa kichwa chini katika maji yenye umeme ili azimie, kisha hukutana na kisu cha mashine. Akiinua kichwa kwa hofu, umeme humkosa, na kisu chaweza kumkosa pia, ndipo huingia katika maji ya moto ya kunyonyolea angali na roho. Mnyororo hauna jicho la kumwona.

Haraka hiyo imeingizwa hata ndani ya mwili wake. Mwaka 1948 Marekani ilifanya fainali ya mashindano ya kumtafuta kuku wa kesho, mwenye kifua kinene na mifupa ya kadiri, na wafugaji wakashindana kama watu wa magari. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walikuja kuwalea pamoja kuku wa mbegu ya 1957 na wa mbegu ya 2005, kwa chakula kimoja, kwa siku 56: wa kwanza alifika gramu 900 hivi, wa pili gramu 4,200. Kilo nne juu ya miguu ya kifaranga wa miezi miwili! Si ajabu wengine hukaa chini wasiinuke.

Lakini siku zilizonifunza zaidi ni zile ambapo mnyororo ulisimama. Viwanda vilipofungwa mwaka 2020, watu wa mjini walidhani kuwa nguruwe wamepata nafuu, na kwamba wangekaa mazizini wakila mpaka mambo yatulie. Haikuwa hivyo, kwa sababu mnyororo hauanzii mlangoni mwa kiwanda. Huanzia tumboni mwa nguruwe jike. Banda limepimwa kwa wanyama wa uzito fulani, na siku ile wanapotolewa hawa, wadogo zao wako njiani wakingoja, na mama wa wadogo hao wamekwisha kushika mimba nyingine kwa tarehe iliyoandikwa ofisini. Mnyama asipoondoka kwa wakati huzidi kunenepa, na mwisho hata vyuma vya kiwanda, vilivyopimwa kwa kiwiliwili cha kadiri moja, havimwezi. Basi wafugaji, wengine wakilia kwa kweli, waliwaua kwa maelfu na kuwatupa. Na katika Iowa kampuni moja ilizima mapanka ya banda, ikaziba matundu, ikaingiza joto na mvuke, ikawaacha wanyama wafe kwa joto kwa muda wa saa kadhaa. Nyama hiyo haikuliwa na mtu, wakati ambapo watu walikuwa wamepanga foleni za maili nzima kungoja vyakula vya sadaka. Njaa ilikuwako na nyama ilikuwako, na kati yao wachinjaji wa kijijini wenye kamba na kisu walikuwa wamebaki wachache mno, kwa kuwa tijara kubwa ilikuwa imekwisha kuwafuta wengi wao kwa jina la unafuu.

Najua jawabu nitakalopewa, na sitalikwepa. Nitaambiwa kwamba nyama ya haraka ndiyo iliyomfikisha maskini kwenye nyama. Kwamba mama lishe wa Dar es Salaam asingepata kuuza paja la kuku kwa bei ya wanafunzi kama si kuku wa kisasa wa wiki sita. Na kwamba machinjio yetu ya zamani, yenye nzi, sakafu ya matope na nyama inayosafiri juu ya baiskeli kwenye tenga lisilofunikwa, si pepo ya kurejewa. Yote ni kweli. Mimi mwenyewe nakula kuku huyo, na nimepata kuugua kwa nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa adabu zote na kuoshwa kwa maji ya kisima kichafu. Wala hatuna haki ya kujisifu mbele ya Wamarekani, maana haraka yao tumekwisha kuinunua kwa rejareja. Mfugaji wa kuku wa nyuma ya nyumba hununua dawa za kuua vijidudu dukani bila ya cheti, akazitia katika maji ya kunywa, na mteja akija kabla ya siku za kungojea hazijatimia hamrudishi, maana kuku wa wiki ya saba ni hasara. Hivyo dawa huingia sahanini, na vijidudu vilivyozoeana nayo huingia pamoja nayo, mpaka siku tabibu atakapomwandikia mtoto dawa ile ile isifanye kazi. Na mwaka 2019 runinga moja ya Kenya ilionyesha jinsi nyama katika baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi ilivyotiwa metabaisalfaiti ya sodiamu, chumvi inayoifanya nyama ya zamani ing'are wekundu kama ya alfajiri. Ni haraka ile ile iliyopinduliwa: huko hukimbizwa mnyama, hapa husimamishwa saa ya mzoga.

Kwa hiyo, sasa kwa vile serikali zetu zinajenga machinjio mapya ya vigae na vyuma visivyoshika kutu, na mawaziri hukata utepe wakisema ni wanyama wangapi watakaochinjwa kwa siku, mimi ningependa tuulizane jambo lisilo katika hotuba: nani katika jengo hili ana ruhusa ya kuusimamisha mnyororo, na akiusimamisha, mshahara wake utakuwaje? Hata Marekani swali hilo halijakwisha. Mwaka 2019 serikali yao iliondoa mpaka wa nguruwe 1,106 kwa viwanda vitakavyokubali utaratibu mpya, ikawapa waajiriwa wa kampuni sehemu ya kazi ya kuchambua iliyokuwa ya wakaguzi. Chama cha wafanyakazi kikashitaki, na Machi 2021 jaji wa Minnesota akaitangua sehemu ya mwendo, kwa hoja kwamba serikali ilikataa kuyapima madhara kwa wafanyakazi. Chama cha watu wa visu ndicho kilichousimamisha kwa muda mnyororo ambao wenye mihuri waliuachia.

Nimepata kukaribishwa katika machinjio moja ya namna hiyo mpya, katika mkoa ambao sitautaja, na mkaguzi kijana, mpole, mwenye mabuti meupe na kalamu sikioni, alinitembeza tangu zizini hata chumba cha baridi. Nikamwuliza: "Mwanangu, ukiona jambo lisilokuridhisha, unaweza kuusimamisha mtambo huu?" Akasema, "Naweza, mzee wangu, sheria inaniruhusu." Nikamwuliza amewahi kuusimamisha mara ngapi. Akatazama kule mizoga ilikokuwa ikipita, akatabasamu kwa haya, akaniambia kwamba tangu alipopangiwa kazi pale mtambo umesimama mara nyingi sana, na kila mara ulikuwa ni umeme.